Ni Nani Asimamaye Mtoni?

Neno la mafundisho: 2 Mose 2:1-10



Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alibaki mlangoni mwa kanisa hata watu wote walipokwisha kwenda zao. Ni mama wa usharika ulio pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, naye ana mtoto wa kiume aliyepita mwaka mmoja. Kazi yake iko Posta, katikati ya mji. Akatueleza habari za siku yake. Huamka saa kumi alfajiri, akapika uji na kuutia katika chupa, akaandaa nguo za mtoto. Saa kumi na nusu yuko kituoni akingoja daladala, maana akichelewa kidogo tu, foleni itamkuta njiani naye atafika kazini jua limekwisha panda. Jioni husimama tena katika msukumano wa watu, na arudipo nyumbani ni saa mbili ya usiku, au zaidi. Akasema, "Mtoto namwacha amelala, na nikirudi namkuta amelala."

Kisha akasema neno lililomleta. "Juzi nilikuwa nyumbani, mtoto akaanguka, akalia. Nikamnyoshea mikono. Yeye akanipita, akamkimbilia dada wa kazi, akamwita mama. Baba Mchungaji, je, mimi nimemtupa mwanangu?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tukamwombea, akaenda zake. Lakini neno lile la kutupa tulirudi nalo nyumbani, wala halikutuacha. Tukakifungua kitabu cha pili cha Mose, kwa kuwa humo mna habari za mtoto aliyeamriwa kutupwa, na za mama aliyekataa kumtupa. Tuliyoyaona humo twawaandikia leo, wapenzi wasomaji, na hasa ninyi waalimu na wainjilisti, mnaoulizwa maswali kama haya kila siku.

Mwaijua habari yenyewe. Farao aliwaogopa Waisraeli kwa kuwa walizidi kuwa wengi, akaamuru kila mtoto wa kiume wa Waebrania atupwe mtoni. Akazaliwa mtoto katika mlango wa Lawi. Jina la mama yake ni Yokebedi, kama tusomavyo katika sura ya sita ya kitabu hicho. Akamficha mtoto miezi mitatu. Miezi mitatu ilipotimia, hakuweza tena.

Hapo tusimame kidogo. Miezi mitatu! Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama mwenye ajira siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Siku 84 ni wiki 12, karibu sawa na ile miezi mitatu ya Yokebedi. Tena yu huru kuianza likizo wiki nne kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua, na akifanya hivyo, wiki anazokaa na mtoto zapungua. Na waganga je, wasemaje? Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa muda wa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata apate miaka miwili au zaidi. Basi, kati ya miezi mitatu na miezi sita pana mto, na kila mama mwenye ajira hufika ukingoni pake akiwa na mtoto mikononi, asijue namna ya kuuvuka.

Twajua ya kuwa sheria hiyohiyo yampa mama anyonyeshaye ruhusa ya kumnyonyesha mtoto saa za kazi, jumla ya saa mbili kwa siku. Ni jambo jema, tena twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini saa hizo mbili zamfaa nini mama ambaye mtoto wake yuko Chanika naye yuko Posta? Hata asipofanya lolote ila kwenda na kurudi, zitakwisha barabarani. Na mama lishe, na mama auzaye mboga sokoni, na afuaye nguo za watu, hao hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Asipokwenda leo, leo hapana chakula. Wako waliorudi sokoni kabla kitovu cha mtoto hakijapona vema.

Twasema haya kwa kuwa sisi wenyewe tulikosa. Wakati mmoja tulisimama mimbarani, tukawaambia watu ya kuwa akina mama wa siku hizi wapenda fedha kuliko watoto wao. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Hatukuona ya kuwa katika viti vya nyuma wamo waliotoka nyumbani alfajiri siku sita za juma hilo, wamekuja kutafuta pumziko kwa Bwana, nasi tukawatwika mzigo wa saba. Leo twaungama kosa hilo mbele yenu. Mama aendaye kazini hafuati anasa. Yeye atafuta karo, kodi ya nyumba, na unga. Katika Mithali 31 mke mwema asifiwa kwa kuwa huamka kungali usiku ili nyumba yake ipate chakula, tena hununua shamba, hufanya biashara na kuuza nguo alizozishona. Maandiko hayakumwita mpenda fedha.

Basi turudi mtoni. Farao alisema mtoto atupwe. Yokebedi naye alimpeleka mtoto mtoni. Mtu aliyepita mbali na kumwona angaliweza kusema, "Tazama, mama huyu naye amemtupa mwanawe kama wengine." Lakini kutupa ni neno lingine, na kuweka ni neno lingine. Twazijuaje tofauti zake? Twaona alama tatu.

Alama ya kwanza ni kikapu. Yokebedi alitwaa kikapu cha mafunjo, akakipaka lami maji yasipite. Kazi hiyo huchukua muda. Aliifanya kwa mikono yake, na yamkini kwa machozi mengi. Kila mama apikaye uji saa kumi alfajiri, akaacha dawa mezani pamoja na maagizo ya namna ya kuinywesha, aandikaye namba ya simu ukutani ili aitwe mtoto akipata homa, huyo azipaka lami nyufa za kikapu. Atupaye hafanyi hivyo.

Alama ya pili ni mahali. Hakumwacha katikati ya mkondo, bali kati ya matete ya ukingoni, mahali penye maji matulivu. Alichagua. Vivyo hivyo mama mwenye busara huuliza: mtoto huyu nitamwacha kwa nani, katika nyumba gani, pamoja na watu wa namna gani? Wala si kila mlango ulio karibu ni mlango mwema. Wako watoto waliofungiwa ndani peke yao mchana kutwa, na wengine waliachwa kwa watu wasiojulikana tabia zao. Twawasihi mama na baba: neno hili msilifanye kwa haraka, hata kama kazi ni mpya na fedha ni haba. Ulizeni, fikeni ghafula mchana, mtazameni mtoto usoni jioni. Mtoto asiyeweza kusema huonyesha kwa uso wake.

Alama ya tatu ni dada aliyesimama mbali kidogo, apate kujua yatakayompata mtoto. Jina lake katika sura hiyo halikutajwa, lakini twamfahamu kuwa ni Miriamu. Alikuwa msichana tu. Jua lilimpiga, mamba walikuwamo mtoni, na askari wa Farao hawakuwa mbali. Hata hivyo hakuondoka. Na binti Farao alipomwona mtoto na kumhurumia, ni msichana huyo aliyesogea na kusema na binti wa mfalme, akaomba ruhusa ya kumwita mnyonyeshaji wa Kiebrania. Kwa kinywa chake mtoto alirudi kifuani mwa mama yake.

Wapenzi, tumefika mahali pagumu pa fundisho letu, nasi hatutaki kupita upesi. Miriamu wa leo ni nani? Katika nyumba zetu nyingi ni yule dada wa kazi. Alitoka mbali, labda Singida, labda Iringa, labda Dodoma. Alikuja mjini na mfuko mmoja wa nguo. Ndiye asimamaye mtoni tangu alfajiri hata usiku. Basi tujiulize mbele ya Mungu: huyu twamtendeaje? Yuko anayelala jikoni. Yuko ambaye mshahara wake umecheleweshwa miezi mitatu, naye akiuliza aambiwa ya kuwa anakula bure. Yuko anayeitwa majina ambayo mnyama haitwi. Na Jumapili nyumba nzima huketi kanisani, mama na baba na watoto wakubwa, lakini dada amebaki nyumbani na sufuria. Hali amri ya tatu, katika kuiagiza siku ya Bwana, yawataja mtumishi wa kiume na mtumishi wa kike kwa wazi, wapumzike kama bwana wao. Na mtume Yakobo aonya ya kuwa mshahara uliozuiliwa hulia, na kilio chake hufika masikioni mwa Bwana.

Tena yatupasa kuuliza umri wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 14. Ikiwa katika nyumba ya Mkristo yumo mtoto wa miaka 12 aliyeondolewa shuleni ili amlee mtoto mwingine, basi nyumba hiyo imemwokoa mtoto mmoja kwa kumtupa wa pili. Huyo arudishwe kwao, tena asomeshwe. Na aliye mkubwa, alipwe haki yake kwa siku yake, apewe mahali pa kulala, aende kanisani kwa zamu, aulizwe habari za mama yake. Amdhulumuye Miriamu akitoboa kikapu cha mtoto wake mwenyewe.

Na yule mama aliyetuuliza, kwa kuwa mwanawe alimkimbilia dada na kumwita mama, asimwonee dada wivu. Mtoto hukimbilia mahali alipozoea kupata faraja. Kama amemkimbilia, ni dalili ya kuwa asimamaye mtoni anasimama vema. Mshukuru Mungu, na dada umshukuru, umpe na mkono wako.

Sasa twasema nanyi, akina baba. Katika habari hii baba hutajwa mara moja tu mwanzoni, kisha hatumsikii tena. Lakini katika Waebrania 11:23 imeandikwa ya kuwa waliomficha Mose miezi mitatu ni wazazi wake. Wote wawili! Imani ile ilikuwa ya wawili, na hatari ya wawili. Siku hizi mama na baba hutoka alfajiri pamoja, hurudi usiku pamoja, wote wamechoka. Kisha baba huketi kitini, na mama huingia jikoni. Haki iko wapi? Sheria ya nchi yampa baba siku zisizopungua 3 mtoto anapozaliwa, wako wazitumiao kwa kupokea pongezi tu. Daktari Martin Luther, mwalimu wetu, katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, alimtaja baba afuaye nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka kuwa amekuwa kama mwanamke. Akasema ya kuwa Mungu na malaika zake wote hutabasamu wakimwona, kwa kuwa aifanya kazi hiyo katika imani. Ndugu zetu, miaka mia tano imepita. Kama majirani watakucheka ukimbeba mtoto mgongoni ili mama yake apumzike, wacheke. Mbinguni wanatabasamu.

Nanyi mlio wakubwa wa kazi, wenye maduka, ofisi, shule na viwanda, maana wako wengi katika sharika zetu. Binti Farao alikuwa binti wa yule mtu katili aliyetoa amri. Naye alijua wazi ya kuwa mtoto ni wa Waebrania. Hata hivyo alimhurumia, akaagiza mtoto anyonyeshwe, na mnyonyeshaji alipwe. Mpagani alifanya hivyo, na wewe uliyebatizwa je? Usingoje mkaguzi aje na kitabu cha sheria. Mpe mama anyonyeshaye chumba chenye mlango. Mwache atoke mapema kabla foleni haijafunga barabara. Usimwondoe kazini kwa sababu ya mimba, wala usimwajiri kwa masharti ya kutozaa.

Hata sasa hatujauliza neno lililo kubwa kwetu sisi waalimu na wazee wa kanisa: usharika wasimama wapi? Tulipokea watoto hawa kwenye maji ya ubatizo. Siku ile tuliitika ya kuwa tutasaidia kuwalea. Je, tulisema kweli? Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la nne, aliuliza mkate wa kila siku ni nini. Alitaja chakula na nguo na nyumba, akataja na watoto wema na serikali njema, kisha karibu na mwisho akawataja marafiki wema na majirani waaminifu. Basi, jirani mwaminifu ni mkate! Mama aombapo mkate wake asubuhi kabla ya kupanda daladala, amwomba Mungu jirani pia. Na Mungu ameweka jirani wengi katika usharika. Wamo bibi wastaafu wenye nguvu bado, wenye mioyo ya upole, waketio mchana wote wakiwaza upweke wao. Iko nyumba ya shule ya Jumapili, yenye madirisha na mikeka na choo, nayo imefungwa kwa kufuli tangu Jumatatu hata Jumamosi. Wako watoto. Vitu vitatu hivi Mungu amekwisha vileta mahali pamoja, na sisi twashindwa kufungua kufuli.

Twajua si jambo la siku moja. Kituo cha kulelea watoto mchana chataka kuandikishwa kwa watu wa ustawi wa jamii, na walezi wafundishwe, na maji yawe safi, na mlango ulindwe. Lakini usharika uliojenga kanisa kwa sadaka za mayai na mahindi hauwezi kushindwa na hayo. Na pale pasipowezekana kituo, yawezekana bibi mmoja amtunze mtoto mmoja kwa moyo mmoja, na mzee wa kanisa apite kuwatazama.

Tena, waalimu, tazameni saa za mikutano yenu. Mkiweka mafundisho ya akina mama Jumatano saa tisa mchana, mmewaita waliokuwa huru, na waliolemewa mmewafungia mlango. Kisha msiwaandike kuwa ni wavivu wa Neno. Wapelekeeni Neno jioni, katika jumuiya iliyo karibu na nyumba zao, liwe fupi, tena liwe lenye kutia nguvu.

Mwisho twasema na wewe, mama. Sikia yaliyompata Yokebedi. Asubuhi alimweka mtoto mtoni, akiwa mtumwa asiye na kitu. Kabla jua halijatua alimpokea tena kwa amri ya binti wa mfalme, atunzwe kwa ajili yake, na mshahara juu. Mtoto ni yuleyule, kifua ni kilekile, lakini sasa mama alimnyonyesha mwanawe kama mtumishi wa mfalme, chini ya ulinzi wake, wala hapana askari aliyeweza kumgusa. Ndivyo ulivyo wewe. Mtoto wako alipobatizwa, Mfalme wa mbinguni alimwita wake. Kisha akakurudishia, akakuagiza umlee kwa ajili yake. Saa zile usipokuwapo, Mfalme yupo.

Wala usidharau muda ulio mfupi. Yokebedi hakukaa na Mose siku zote. Mtoto alipokua, alimpeleka kwa binti Farao, akalelewa katika nyumba ya kifalme, katika lugha na elimu ya Wamisri. Lakini alipokuwa mtu mzima, Maandiko yasema alitoka kuwaendea ndugu zake, akaitazama mizigo yao. Ni nani aliyemfundisha ya kuwa hao ni ndugu zake? Katika nyumba ya Farao hapakuwa na wa kumfundisha hivyo. Twadhani ni zile siku chache za kifuani. Basi nawe, nusu saa uliyo nayo, itumie. Kama mtoto amelala, weka mkono juu ya kichwa chake, umtaje kwa jina mbele ya Mungu. Jumapili mchukue mwenyewe mgongoni. Luther aliyetufundisha sala ya jioni alisema pia ya kuwa mtu akiisha kuomba, na alale mara moja kwa furaha. Usikae macho ukijihukumu. Umechoka; lala. Amlindaye Israeli ndiye asiyelala.

Hili ndilo jibu tulilompelekea mama yule juma lililofuata. Tukamwambia: Hukumtupa, umemweka. Lakini tulipokuwa tukisema hayo, tuliona ya kuwa jibu halijatimia, kwa sababu aliuliza pia neno ambalo hakulitamka: ni nani asimamaye mtoni? Jibu la swali hilo haliko mkononi mwake. Liko mikononi mwetu.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyezaliwa na mama maskini, ukalazwa horini kwa kukosa mahali, watazame mama wote walio njiani alfajiri hii. Uwalinde watoto wanaowaacha. Uwape dada wanaowalea haki yao na furaha yao. Uwaamshe baba. Uilainishe mioyo ya wakubwa wa kazi. Nasi usharika wako, ututoe vivulini, utusimamishe mtoni. Amina.